Nani Alipima Maji Kabla ya Kuchimba?

Gesi inayouzwa kwa mitungi hapa Mwanza haitoki Mtwara wala Songosongo. Ile ya Mtwara kwa sehemu kubwa ni methani, husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam na nyingi huishia kwenye mitambo ya kufua umeme na viwandani. Hii ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani unaoletwa kwa meli kutoka nje, kushushwa Dar es Salaam au Tanga, kisha kupakiwa kwenye maboza hadi huku Kanda ya Ziwa. Bei yake, kwa hiyo, hufuata soko la dunia, na katika soko hilo Marekani ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote, ingawa miaka ishirini na kitu iliyopita ilikuwa ikijenga bandari za kupokea gesi asilia ya kuagiza. Kilichoigeuza hali hiyo ni upasuaji wa miamba kwa shinikizo la maji. Ndiyo maana naona mjadala wa Wamarekani kuhusu jambo hili unatuhusu, hata kama hapana atakayekuja kupasua mwamba chini ya Bugando kutafuta gesi.

Fundi wa visima anayechimba Kisesa au Usagara hutafuta nyufa ambazo tayari zimo kwenye graniti, kwa sababu maji hukaa humo; akikosa ufa, amechimba bure. Wachimbaji wa gesi wa Pennsylvania na Texas hawatafuti nyufa, huzitengeneza. Gesi wanayoitaka imenaswa ndani ya mwamba-tope, yaani matope ya kale yaliyoshindiliwa hadi yakawa jiwe lisilopitisha kitu. Hushuka wima kilomita moja na nusu, mbili au zaidi, kisha huigeuza keekee ilale na kwenda mbele kilomita moja au zaidi ndani ya tabaka hilo hilo, halafu husukuma maji kwa nguvu kubwa mno, yakiwa yamechanganywa na mchanga na kiasi kidogo cha kemikali. Maji hupasua jiwe, mchanga hubaki umeshikilia nyufa zisifunge, na gesi hutoka. Kisima kimoja huweza kumeza kuanzia lita milioni 6 hivi hadi milioni 60. Upasuaji wenyewe ulijaribiwa Kansas mwaka 1947, lakini ni kampuni ya George Mitchell, iliyohangaika kwa miaka na mwamba wa Barnett huko Texas, iliyopata njia yenye faida mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuchimba kwa kulala kulipoongezwa, mambo yakalipuka.

Upande wa uchumi una hoja nzito, na wanaoupuuza wanajidanganya. Bei ya gesi asilia katika soko la Marekani, iliyokuwa imevuka dola 12 kwa kipimo chao cha nishati katikati ya mwaka 2008, ilishuka chini ya dola 2 mwezi Aprili 2012. Viwanda vya mbolea na plastiki vilipata malighafi ya bei rahisi, mitambo ya makaa ya mawe ikaanza kufungwa, na kuanzia Februari 2016 meli zilianza kubeba gesi ya miamba iliyopozwa hadi ikawa kimiminika kutoka Sabine Pass, Louisiana, kwenda kuuzwa ng'ambo. Ni ushindani tunaoujua, maana gesi yetu ya bahari kuu iligunduliwa kuanzia mwaka 2010 na kiwanda cha kuigeuza kimiminika kule Lindi bado hakijajengwa. Hata hivyo, bei hizo hizo ziliwaumiza wachimbaji wenyewe. Kisima cha aina hii hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake katika mwaka wa kwanza, hivyo mchimbaji hulazimika kutoboa kingine na kingine tena kwa fedha za mkopo. Chesapeake Energy, mmoja wa vinara wa biashara hii, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2020.

Jambo ambalo kwa maoni yangu linaeleza mjadala huu kuliko takwimu zote ni umiliki wa kilicho chini ya ardhi. Marekani, mwenye shamba huweza kumiliki pia gesi iliyo chini yake. Mkulima wa Pennsylvania alipotembelewa na wakala wa kampuni, alisaini mkataba, akapewa malipo ya kianzio na ahadi ya mrabaha, ambao sheria ya jimbo lake haikubali uwe chini ya sehemu moja ya nane. Jirani yake aliyenunua shamba ambalo haki ya madini ilikuwa imeuzwa zamani na mtu mwingine alipata vumbi, kelele na malori usiku kucha, bila senti. Katika kijiji kimoja wakawepo waliosifu na waliolaani, na wote wakisema kweli. Uingereza mafuta na gesi ni mali ya taji, yaani ya dola, kwa hiyo watu wa Lancashire, ambako upasuaji ulijaribiwa, waliahidiwa faida ya taifa huku nyumba zikitikisika. Sioni ajabu kwamba kule upinzani ulishinda. Ufaransa nayo ilipiga marufuku mapema, mwaka 2011.

Sisi tuko upande wa Lancashire. Madini, mafuta na gesi ni mali ya umma chini ya usimamizi wa serikali, na mwanakijiji hulipwa fidia ya mazao, nyumba na ardhi ya juu. Nakubaliana na msingi huo, kwa sababu sitaki utajiri wa nchi uwe wa aliyebahatika kurithi ekari mbili. Lakini maana yake ni kwamba anayebeba hatari hana mkataba mkononi, na mtu asiye na mkataba kinachomlinda ni kumbukumbu iliyoandikwa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye maji. Dimock ni mji mdogo wa Pennsylvania ambao maji ya visima vyake yalianza kutoa methani baada ya uchimbaji kuanza. Siku ya mwaka mpya wa 2009 kisima cha maji cha mkazi mmoja kililipuka. Kampuni ilijitetea kwamba methani ilikuwamo kwenye visima vya eneo hilo tangu enzi, jambo ambalo kwa baadhi ya visima vya jimbo hilo ni kweli. Tatizo likawa kwamba wakazi wengi hawakuwa na kipimo cha maji yao cha kabla ya uchimbaji. Mabishano yaliendelea hadi mwaka 2022, kampuni ilipoacha kuyapinga mashtaka na kukubali kugharimia mradi wa bomba la maji. Miaka zaidi ya kumi ya kununua maji ya chupa na kubeba maji kwa magari, kwa kukosa karatasi moja ya maabara.

Wanaotetea upasuaji husema nyufa za kilomita mbili chini haziwezi kupanda hadi kwenye kisima cha mita mia moja. Kwa kawaida wako sahihi. Madhara mengi yanayojulikana yametokea njiani: saruji inayozunguka bomba haikushika vizuri, au majitaka yenye chumvi na radiamu, ambayo hutoa mionzi, yalimwagika juu ya ardhi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikiri mwaka 2016 kwamba shughuli hizi huweza kuathiri maji ya kunywa katika mazingira fulani. Miaka kumi na mmoja kabla yake, sheria ya nishati ya mwaka 2005 ilikuwa imekwisha kuutoa upasuaji, isipokuwa unaotumia dizeli, katika masharti ya sheria ya maji salama ya kunywa. Sijapata kusoma utetezi wa uamuzi huo ulioniridhisha.

Kuhusu matetemeko niseme kwa ufupi. Mengi ya Oklahoma, likiwamo lile la Pawnee la ukubwa wa 5.8 mwaka 2016, yalihusishwa na kusukuma majitaka ardhini zaidi kuliko upasuaji wenyewe. La Lancashire la Agosti 2019, la ukubwa wa 2.9, lilitokana na upasuaji, na serikali ikausimamisha Novemba mwaka huo.

Suala la tabianchi ni gumu zaidi kwetu. Umeme wa gesi hutoa takriban nusu ya hewa ukaa inayotolewa na umeme wa makaa ya mawe, lakini methani inayovuja kabla ya kuchomwa hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 20, na bomba linalovuja sana hula faida yote. Mkosoaji wa Ulaya hukomea hapo. Mimi nina mama lishe wa mwaloni Kirumba, ambaye chai na chapati hupika kwa mtungi wa kilo 6, na pembeni ana jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage. Nilipomuuliza kwa nini asiuache mkaa kabisa, alinijibu, "Mwalimu, maharage yatanimalizia gesi kabla hayajaiva." Mkaa ule ni miti iliyokatwa mahali fulani, na moshi wake umo kifuani mwake. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na sehemu ya safari hiyo itapita kwenye mitungi, ikiwamo inayoshuka bei kwa sababu ya visima vya Pennsylvania. Siwezi kumwambia mama yule kwamba gesi ni dhambi.

Ninachoweza ni kudai tuanze kupima mapema. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linapita Kagera na Geita kuelekea Tanga, na utafutaji wa mafuta unaendelea katika bonde la Eyasi Wembere, linalogusa Simiyu na Shinyanga. Huo si upasuaji wa miamba, ila saruji ya kisima ni ile ile, na boza la majitaka humwagika vile vile. Kabla ya mtambo wa kuchorongea kufika, kila kisima na kila lambo la kijiji jirani lipimwe chumvi, methani, benzini na metali nzito na maabara isiyolipwa na mchimbaji, sampuli zichukuliwe masika na kiangazi kwa sababu maji hubadilika, na nakala yenye mhuri ibaki ofisi ya serikali ya kijiji, si wilayani peke yake.