Ahadi za uwazi zilizopita Kigoma Ujiji

Kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa wetu hapa Ujiji pana ubao wa matangazo wenye kioo, na ndani yake karatasi ya mapato na matumizi ambayo jua limeifubaza hadi tarakimu za safu ya mwisho hazisomeki. Mstari mmoja unasema "ukarabati wa madarasa" na mbele yake imeandikwa jumla ya fedha, bila jina la shule, idadi ya madarasa wala jina la fundi. Kiongozi akiulizwa kama taarifa imebandikwa, atajibu kwamba imebandikwa, na atakuwa amesema kweli.

Sisi watu wa Kigoma tuna sababu ya pekee ya kujali namna ahadi za serikali zinavyopimwa. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa uitwao Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi (OGP) mwaka 2011, mwaka uleule ulipoanzishwa, chini ya Rais Jakaya Kikwete. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji ikachaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za kwanza duniani za ngazi ya chini ya taifa kushiriki, ikatajwa pamoja na Paris, Madrid, Seoul na Elgeyo Marakwet ya Kenya. Mwaka uliofuata taifa likajitoa, na manispaa yetu nayo ikatoka, kabla wananchi wengi hawajajua hata kwamba tulikuwamo.

Ndani ya mpango huo kila nchi huandika mpango kazi, kisha mtathmini huru hupitia ahadi moja baada ya nyingine: je, imeandikwa kwa namna inayoweza kuthibitishwa, imetekelezwa kwa kiasi gani, na je, imebadilisha namna serikali inavyotoa taarifa na kuwajibika? Swali hilo la mwisho ndilo zito, na ndilo ambalo ubao wetu unashindwa kulijibu.

Chukua Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, iliyoahidiwa tangu enzi za Kikwete na kupitishwa mwaka 2016. Kwa kipimo cha utekelezaji, ahadi ilitimizwa, ingawa kwa kuchelewa. Sheria yenyewe inaipa ofisi siku zisizozidi 30 kumjibu mwombaji, na hilo ni jambo kubwa. Lakini pia inamtishia kifungo kisichopungua miaka 3 mtu anayetoa taarifa iliyozuiliwa, na mtumishi mwenye familia, asiye na uhakika karatasi iliyo mezani kwake imezuiliwa au la, ataona usalama wake uko katika kunyamaza. Kwa hiyo mimi naihesabu ahadi ile kuwa imetimizwa nusu. Hata hivyo nusu hiyo ina thamani yake, kwa sababu yaliyoingizwa katika sheria yalibaki baada ya nchi kujitoa, kama ilivyobaki sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, na kama Ibara ya 143 ya Katiba inavyoendelea kumtaka Mkaguzi Mkuu awasilishe ripoti yake kwa Rais kila mwaka.

Mwaka huu niliamua kuitumia ile Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Niliandika barua kwa ofisi moja ya umma kuomba mchanganuo wa ule mstari wa madarasa, na nakala yangu ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Siku ya 31 nilirudi masijala, nikaambiwa faili liko mezani kwa mkubwa. Wiki mbili baadaye nikaelezwa kwa mdomo, kwa upole kabisa, kwamba fedha zilitumika vizuri. Niliomba jibu hilo kwa maandishi sikulipata, ilhali sheria inataka anayenyimwa taarifa aandikiwe sababu.

Jumatatu iliyopita nilipeleka barua ya pili kwa mkuu wa taasisi, nikiomba mapitio kama sheria inavyoruhusu, na safari hii nimeambatisha picha ya karatasi ile ya ubaoni. Mhuri wa kupokelewa umegongwa, na siku zimeanza kuhesabiwa.