Moto wa Uani Usiku wa Manane

Moto uliozuka hivi karibuni katika ua wa jirani zangu hapa Tabata, jijini Dar es Salaam, haukuteketeza nyumba wala haukumjeruhi mtu, na pengine ndiyo sababu baadhi ya walioushuhudia wameshaanza kuusimulia kama kichekesho. Kwangu mimi ni moto unaostahili kuelezwa kwa makini, kwa kuwa ulizimwa mara mbili, na ile mara ya kwanza watu wote waliokuwapo waliamini kwamba kazi imekwisha.

Chanzo chake hakikuwa na fumbo. Jioni, baada ya chakula kuiva, jiko la mkaa lilikung'utwa na majivu yake yakamwagwa juu ya rundo la makumbi ya nazi, makuti yaliyoondolewa kwenye banda la kuku na majani makavu ya mwembe. Majivu yalionekana yamepoa. Waliokulia katika nyumba za jiko la kuni wanakumbuka jinsi bibi zetu walivyokuwa wakifukia kaa ndani ya majivu usiku ili alfajiri wasihangaike kutafuta kiberiti. Jivu huzuia joto lisitoke na hupitisha hewa kidogo tu, hivyo kaa hubaki hai kwa saa nyingi. Rundo lile lilitendewa hivyo hivyo pasipo mtu kukusudia, na upepo wa kusi, ambao msimu huu wa kiangazi huvuma kwa nguvu, ukalichochea mpaka usiku wa manane likawaka.

Tulipofika kwa kelele za "Jamani, moto!" miali ilikuwa imeshafikia matawi ya chini ya mwembe, ambamo waya wa umeme unapita kutoka kwenye nguzo kuelekea kwenye mita. Mzee mwenye nyumba, ambaye alikuwa mtulivu kuliko vijana wote waliokuwapo, alimwambia mkewe, "Mama, watoe watoto mbele, mengine niachie," kisha akaenda kuzima swichi kuu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa nyaya za nyumba, ingawa ule wa kutoka kwenye nguzo hubaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa, na kurusha maji penye waya wenye umeme ni hatari kuliko moto wenyewe. Lakini uamuzi huo ulikuwa na gharama yake: pampu ya tangi la chini ilisimama, tukabaki kutegemea tangi lililoinuliwa juu ya mnara, ambalo maji yake hushuka yenyewe na ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa nusu. Mtungi wa gesi uliokuwa kwenye jiko la nje uliondolewa mapema, ukiwa bado baridi, ukapelekwa barabarani ukiwa wima. Laiti ungekuwa umeshapata moto, nadhani hakuna ambaye angethubutu kuugusa, wala asingepaswa kuthubutu.

Kijana mmoja alileta mtungi wa kuzimia moto kutoka kwenye gari lake. Unga uliotoka ulilaza miali kwa kishindo, watu wakashangilia, na kabla shangwe haijaisha mtungi ulikuwa mtupu. Ile mitungi midogo ya magari humalizika kwa sekunde chache tu, nayo haipoozi chochote. Hukata miali iliyo juu na kuliacha kaa lililo chini likiendelea na shughuli zake. Ndoo za maji zilifuata, kisha mchanga, na baada ya hapo hapakuonekana mwali hata mmoja. Watu wakaanza kurudi kulala.

Wakati huo mtu alikuwa ameshapiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, na kuwaelekeza kwa kutaja msikiti na kituo cha mafuta vilivyo karibu, kwa kuwa namba za nyumba zetu hazimsaidii mgeni. Gari lilikuja, lakini likakwama kwenye kona ya kuingilia mtaani, ambako mtu anayejenga amerundika mchanga na matofali hadi katikati ya njia. Mchanga tuliomwagia moto ulitoka kwenye rundo hilo hilo, kwa hiyo mwenye ujenzi sasa anadai shukrani! Askari waliteremka, wakaja kwa miguu, na wa kwanza kufika hakuutazama mwembe wala ukuta; aliinama, akasogeza nyuma ya kiganja chake karibu na rundo, akasema, "Huu haujazimika, leteni reki na beleshi."

Kilichofuata ndicho ambacho ningependa kila mwenye ua akijue. Walipolivuta tabaka la juu, ndani mlikuwa mwekundu, na palipoingia hewa miali iliinuka tena kwa urefu wa mtu. Maji yetu yalikuwa yameteleza juu ya makumbi na kuchuruzika pembeni, kwani nyuzi za kumbi zilizokauka hazinyonyi maji haraka, nao mchanga ulikuwa umegeuka blanketi. Rundo lilibomolewa kidogo kidogo: sehemu inavutwa kando, inatandazwa chini iwe nyembamba, inalowanishwa na kugeuzwa, ndipo inavutwa nyingine. Kazi hiyo ilichosha kuliko mbio zote za mwanzo, lakini ilitumia maji machache zaidi. Chini kabisa zilipatikana chupa za plastiki zilizoyeyuka na kipande cha godoro, na moshi wake mzito ukamlazimu mama mmoja wa nyumba ya pili kumhamishia mwanawe mwenye pumu kwa ndugu zake.

Siku iliyofuata mzee alitafuta debe la bati lenye kifuniko, akaliweka mbali na ukuta, na kuagiza kwamba majivu yote yamwagiwe maji na kulala humo kwanza kabla ya kutupwa. Mjumbe naye alimwita mwenye ujenzi na kumtaka aifungue njia. Mchanga umeshaingizwa ndani ya kiwanja chake. Matofali bado yapo barabarani, na ameomba apewe muda hadi mwisho wa mwezi.