Nyungu na taa za dagaa
Hivi mnaikumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya corona? Bongo hatukufungiwa ndani kama majirani zetu wa Uganda, ila bi mkubwa ana kisukari nikasema ngoja tu nitulie nyumbani, basi wiki tatu mimi na watoto vyumba viwili huku Kirumba, Mwanza, bando limekata, ugomvi wa rimoti hauishi, na kila asubuhi bi mkubwa anatupigisha nyungu ya mwarobaini na malimao mpaka blanketi likanuka mwezi mzima hahaha (sijui hata kama ilisaidia). Kilichoniokoa ni lile jiwe nyuma ya nyumba. Usiku wa giza tunapanda tunahesabu taa za wavuvi wa dagaa kule ziwani, kadogo kangu kalifika 41 kakasinzia begani.