Land Rover ya Mzee: inapiga stata lakini haishiki

Injini ya zamani ikizunguka vizuri kwa stata na isishike, wengi hukimbilia kununua vipuri. Leo plagi, kesho koili, keshokutwa kabureta iko chini imefumuliwa juu ya gunia na bado gari halijawaka. Mimi nasema pima kwanza. Kwa gari la umri huu inatosha balbu ya indiketa ya volti 12 iliyoungwa nyaya mbili. Hiyo ndiyo iliyofufua Land Rover ya baba yangu.

Ni pikapu, Series III 109 ya mwaka 1979, injini ya petroli ya lita 2.25, mojawapo ya zile zilizounganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya. Ilikuwa imeegeshwa Buruburu, Nairobi, tangu Mzee aache kuendesha. Niliifunga betri yenye chaji nzuri nikapiga stata. Ikazunguka kwa nguvu, lakini haikukohoa hata mara moja.

Jirani yetu, ambaye ana matatu zake, akasogea. "Hiyo ni koili," akasema. "Shuka Kirinyaga Road uchukue nyingine, utawasha leo leo."

"Inawezekana, Baba Kevin," nikamjibu, "lakini wacha nihakikishe kwanza."

Kule kutokohoa kulikuwa na maana. Petroli ikiwa kidogo au ikiwa imechacha, mara nyingi injini hushtuka kidogo kisha ikakata. Ikiwa kimya kabisa, mimi huanza na moto wa plagi. Nilichomoa plagi moja, nikairudishia waya wake, nikailaza chuma chake kikigusa injini, mbali na petroli, kisha nikamwomba kijana wangu apige stata. Hakuna cheche. Nikajaribu waya mkuu unaotoka kwenye koili kwenda distributa, kile kifaa kinachogawia kila plagi moto wake: hakuna pia. Basi kifuniko cha distributa, rota na nyaya za plagi nikaviacha, kwa sababu moto ulikuwa unapotea kabla haujavifikia.

Hapa lazima ujue koili inavyofanya kazi. Pointi ni vile vyuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana injini ikizunguka. Zikifunga, umeme wa betri hupita ndani ya koili na kushuka kwenye bodi, yaani chuma cha gari kinachourudisha kwenye betri. Zikifunguka, umeme hukatika ghafla, na kukatika huko ndiko kunakozalisha maelfu ya volti yanayoruka kwenye plagi. Kwa hiyo pointi zisipofunga hupati cheche, na zisipokata hupati cheche vilevile.

Nikawasha swichi. Waya mmoja wa balbu kwenye bodi, mwingine upande wa chanya wa koili: ikawaka. Umeme unafika. Nikahamia upande wa hasi: giza. Wengi wangehukumu koili hapo hapo. Lakini pointi zikiwa zimefunga, giza ni halali, maana umeme wote unashuka kwenye bodi. Nikaweka kipande cha karatasi kavu katikati ya pointi ili zisigusane. Sasa balbu ilipaswa kuwaka. Ikabaki giza.

Nikachomoa ule waya mwembamba unaotoka koili kuingia distributa, nikapima tena upande wa hasi. Balbu ikawaka! Koili ilikuwa inapitisha umeme, na mahali fulani ndani ya distributa umeme ulikuwa unashuka kwenye bodi bila kupitia pointi. Kondensa, kile kikopo kidogo kilichoungwa sambamba na pointi, inaweza kufanya hivyo ikiharibika, kwa hiyo nikaitenga, nikarudisha waya na kupima. Bado giza. Ikabaki njia moja, kile kiwaya kifupi kinachopita ndani kufika kwenye pointi. Nilipokivuta kwa bisibisi ndogo nikaona ganda lake limekauka na kupasuka, shaba iko nje, inaegemea sahani ya pointi.

Kirinyaga Road nikaenda, lakini si kwa koili. Duka la kwanza walitaka kuniuzia distributa nzima. Nilichohitaji ni waya laini wa nyuzi nyingi. Hapo usiweke waya mgumu wa umeme wa nyumba: sahani ya pointi huzungushwa kidogo na kifaa cha vakyumu gari likitembea, na waya mgumu utakatika. Nikausokota, nikauchomea kwa risasi, nikasugua pointi kwa msasa mwembamba na kuzifuta, kisha nikaweka mwanya wa milimita 0.38. Kitabu kinaruhusu 0.35 hadi 0.40.

Cheche ikaja, ya buluu, inayosikika. Injini ikakohoa, ikakata.

Hapo sasa ilikuwa petroli, na hiyo haikunisumbua. Kile kikombe cha kioo cha pampu kilikuwa na maji na kutu chini. Nikakiosha, nikamwaga petroli ya zamani iliyokuwa tangini, ambayo ilinuka kama rangi ya kupaka, nikaweka mpya na kupampu kwa kile kimkono cha pembeni mpaka kabureta ikajaa. Nikahakikisha nyaya za plagi zinafuata mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Choki, ile inayopunguza hewa ili petroli izidi, nilivuta kwa muda mfupi tu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini hizi hulowesha plagi haraka.

Ikashika. Moshi ulikuwa mwingi mwanzoni, kisha ukapungua, na sauti ya injini ikatulia. Mzee alitoka nje akasimama karibu na boneti, akasikiliza kwa makini, akasema valvu zinagonga. Ni kweli, zinagonga. Mwanya wake ni milimita 0.25, na Jumamosi nafungua kifuniko nizipime zote nane.