Mlango una sheria, nyumba haina

Miye ni fundi seremala. Karakana yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mitaa yetu inayoitwa kwa namba, na kwa miaka ishirini na kitu riziki yangu imetoka kwenye vitanda, makabati na fremu za madirisha. Siku hizi imeongezeka kazi nyingine ambayo sikuiomba: kung'oa milango ya zamani.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mmoja, mpwa wa mzee ninayemfahamu. "Fundi, kuna mlango wa kutoa huku mjini, nyuma ya soko. Njoo na watu wawili wenye nguvu." Nikavuka reli na baiskeli, mtaimbo na tindo nimevifunga kwenye keria. Kufika mtaani nikaijua nyumba kabla sijaonyeshwa. Ghorofa moja, duka chini, makazi juu, roshani ya mbao imeinamia barabara kama mtu anayesikiliza ya watu. Juu kabisa ya ukuta wa mbele, namba za chokaa: 1928. Jina la mwenyewe wa kwanza lilikuwa pembeni ya namba hizo. Zimebaki herufi mbili.

Mzee alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Umekuja kuning'oa meno?"

Mlango wenyewe ulikuwa wa msaji, pande mbili, mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana pande hizo, umechongwa maua yaliyofungana kwa mnyororo kutoka chini hadi juu. Misumari ya shaba ilikuwa myeusi yote isipokuwa ile iliyo usawa wa kiganja, pale watu waliposukuma kuingia kwa karibu miaka mia. Hapo iling'aa kama dhahabu. Nilipitisha kidole kwenye ua moja nikakuta kosa la fundi: jani moja limechongwa kuelekea upande usio wake. Nilifurahi. Aliyekosea jani lile naye alikuwa na siku yake mbaya, labda njaa, labda tajiri wake anamharakisha.

Sasa kuna jambo nililojua kwa bahati. Zamani kidogo kijana mmoja aliyekuwa akisomea mambo ya kale alikuja karakana kwangu kupiga picha milango, akanieleza Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria ile inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Halafu ikaongeza kitu kilichonifanya niweke randa chini: inalinda pia milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Jengo lililozaliwa baada ya 1863 halimo mpaka waziri alitangaze.

Haya, piga hesabu ya Tanga. Magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi yake, hayo ni ya karne nyingi nyuma, yamo. Lakini mji huu tunaouita mjini, kuanzia bandarini mpaka sokoni, Wajerumani waliweka kituo chao hapa 1889. Reli ikaanza kujengwa 1893, ikafika Moshi 1911. Maduka ya Wahindi yakafuata, moja baada ya jingine, mengi wakati wa Mwingereza. Karibu yote yamezaliwa baada ya ule mwaka 1863 wa kwenye sheria. Kwa hiyo mlango niliokuwa nimesimama mbele yake ulikuwa umelindwa, na ukuta unaoubeba haukuwa umelindwa.

Nikamuuliza mpwa: kibali kipo? Akanionyesha picha kwenye simu, karatasi yenye mhuri, maandishi hayasomeki. Nikaanza kazi. Najua wapo watakaonilaumu wakisoma hapa, na wana haki.

Fremu ya zamani haitoki kwa nguvu. Unabomoa plasta pembeni taratibu, unatafuta mwimo, ule mti wa pembeni wa fremu, umeshikwa wapi, ndipo unaingiza mtaimbo. Plasta ya nje ilikuwa ya saruji, ngumu, imekatika vipande vikubwa kama magamba ya embe. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeloa. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili, nao ulikuwa unaloanisha mkono. Chini ya saruji ndiyo kulikuwa na nyumba yenyewe: mawe ya matumbawe, ukiangalia karibu unaona vitundu vya vidudu vya bahari, yameshikwa na chokaa. Na juu ya mlango, mahali ambapo nilitegemea boriti, wajenzi walilaza kipande cha chuma cha reli. Cha reli kabisa, kina umbo lake lile lile la kichwa na kitako. Vijana wangu wakacheka. Sijui kilitoka wapi na mzee naye hakujua, ila mji huu ulikula kwa reli, si ajabu na kuta zake zikaila reli.

Niseme kuhusu ile saruji, maana na miye nimo. Chokaa hupumua. Maji yakiingia kwenye ukuta wa matumbawe hutoka tena kupitia chokaa, ukuta unakauka, unaendelea kuishi. Ukiifunika kwa saruji umeuvalisha nailoni: maji yanapanda kutoka chini, chumvi inapanda nayo, hazina pa kutokea, zinaanza kula mawe kwa ndani. Zamani nilishirikiana na mwashi mmoja kukarabati nyumba kama hii barabara ya pili kutoka pale. Miye madirisha, yeye kuta. Tulipiga saruji safi, tukapaka rangi ya krimu, mwenye nyumba akatuchinjia mbuzi. Haikupita miaka minne kuta zikaanza kuvimba na kumwaga unga mweupe. Tulimwambia ni rangi mbovu. Tulikuwa hatujui, na tulipojua hatukurudi kumwambia.

Watu wa Dar wakija hapa husema, "Tanga mmetunza mji wenu." Hatukutunza chochote. Mji ulinusurika kwa ukata. Baba yangu alikuja mjini kutoka shamba la mkonge upande wa Muheza, alikokuwa anafanya kazi kwenye korona, ile mashine inayosaga majani na kutoa singa. Mkonge wenyewe nao ni mgeni: 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62, na kutoka hiyo 62 yakatokea mashamba yote yale, na manamba waliotolewa Kigoma, Njombe, Msumbiji na Burundi kuja kuyakata. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000, hakuna aliyetushinda duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa, mengi yakarudi kuwa vichaka. Viwanda vya mjini navyo vikafunga kimoja kimoja. Baba alipunguzwa kazi kwenye kimojawapo akapewa cheti na redio. Mji usio na pesa haubomoi. Haupaki rangi pia, lakini haubomoi.

Na kuna habari ya Msajili. Mwaka 1971 serikali ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mpaka leo wazee wanasema "nyumba za Msajili" ingawa Msajili mwenyewe alishaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa 1990. Wahindi wengi waliondoka. Kodi zilikuwa ndogo, na kodi ndogo hainunui mabati. Nyumba ya mzee wangu ilipitwa na kalamu hiyo kwa sababu haikufika bei. Mwenye nyumba wa wakati huo aliiuza miaka michache baadaye kwa baba yake mzee, karani wa reli, na inasemekana alilia siku ya kukabidhi funguo. Mzee ananihadithia hilo kila nikimwona. Safari hii hakunihadithia.

Kilichobadilika ni bandari. Zamani meli kubwa zilisimama nje huko, mizigo ikaletwa gatini kwa matishari. Sasa bandari imechimbwa mpaka mita 13, meli inaegesha kwenye gati yenyewe, na malori yamejaa. Chongoleani, hapa hapa Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Watu wanataka vyumba vya kulala, ofisi, maghala, benki. Kiwanja cha mjini ambacho miaka kumi nyuma hakuna aliyekigusa sasa kina madalali watatu. Warithi wa nyumba ya mzee wako kumi na mmoja, wengine Muscat, wengine Tabata. Wakauza. Mnunuzi atajenga ghorofa tano, vioo vya buluu, loji juu, maduka chini.

Sina ugomvi na ghorofa. Watoto wangu wanahitaji mji wenye kazi, na loji ile itahitaji vitanda, huenda nikavitengeneza miye. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini lazima ianzie kwenye ukuta wa mbele. Kiwanja kina urefu wa hatua arobaini na kitu kwenda nyuma, nilizipima mwenyewe kwa miguu. Nyuma kuna ua mtupu, choo na mpapai. Ukuta wa mbele na roshani na baraza vingeweza kubaki, ghorofa ikapanda nyuma yake. Nilimwambia hivyo msimamizi wa mnunuzi. Akasema, mzee wangu, gharama. Kwa upande wa hesabu sina la kumjibu. Lakini angalau baraza! Maduka yote ya zamani mtaa ule yana kibaraza chenye paa kinachoungana na cha jirani, mtu anatembea kutoka soko mpaka mwisho wa mtaa saa saba mchana bila kupigwa jua, na mvua ikimkuta anasimama. Ghorofa mpya zinaweka vigae vinavyoteleza na ngazi tatu mbele, mlinzi anakuambia usikae hapa.

Kwenye kahawa jioni yake nililileta suala hili. Jamaa mmoja akanirukia: tuhifadhi majumba ya Wajerumani waliomnyonga Abushiri pale Pangani? Nikamwambia nyumba ya 1928 si ya Mjerumani, na hata ya Mjerumani, mawe aliyabeba nani? Mwingine akatoa mfano wa Zanzibar, wenzetu Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000 na wana mamlaka yao. Wa tatu akasema Zanzibar wana watalii. Hapo ndipo lile boma letu la Kijerumani, ambalo lilikarabatiwa likawa makumbusho ya Urithi Tanga, likatajwa kama mfano mzuri, na ni mzuri kweli, niende niseme nini. Ila boma ni moja, na haiwezi kuwa kazi ya kila nyumba kugeuka makumbusho. Mtu atauza wapi sukari?

Aliyenimaliza maneno ni mzee mwenyewe. Tulipokuwa tunapumzika siku ile, mwimo mmoja umeshatoka na mwanga umeingia pale ambapo haujawahi kuingia, nilimwambia inaniuma. Akanitazama. "Fundi, weye waipenda nyumba hii kwa kuwa huilali. Siye mvua ikinyesha twahamisha magodoro. Mke wangu alivunjika nyonga kwenye ngazi ile." Nikanyamaza, nikarudi kwenye mtaimbo.

Mlango sasa uko karakana kwangu, umeegemea ukuta, unasubiri gari. Nasikia unakwenda kwenye hoteli ya ufukweni, watautundika nyuma ya meza ya mapokezi. Hautafunguka. Nimeambiwa niukatie chini inchi nne ili uingie kwenye nafasi. Nimesema sikati. Nimeambiwa basi watampa fundi mwingine. Hilo nalo nalijua, mjini mafundi tupo wengi.

Nyumba ilichukua siku mbili kwa katapila. Nilipita na baiskeli siku ya pili, kile kipande cha reli kilikuwa juu ya lori la vyuma chakavu pamoja na mabati.

Alhamisi iliyofuata mzee alikuja karakana kwa bajaji. Alikuwa na ufunguo, wa chuma, mrefu kama kalamu, alikuwa amekaa nao mfukoni siku zote zile. Akasema, mlango hauna kazi bila huu, uwape wenyewe. Nikautundika kwenye msumari juu ya meza yangu. Akanywa chai, akaondoka.

Jumatatu alirudi akauchukua. Hakusema wa nini, na sikumuuliza.