Mjomba aliniuliza nasimama upande gani

Baada ya kuishi Kanada kwa miaka 16 nilikuwa nimepanga kurudi kwetu Kayenze, mkoani Mwanza, wakati wa Pasaka, lakini mjomba wangu, ambaye ndiye aliyebaki kuutunza mji wa marehemu babu, alinikataza kwa simu. Alisema kwamba mwezi wa nne watu wote wanashinda mashambani, na kwamba mtu akija wakati huo ataonyeshwa jembe kabla hajaonyeshwa kitanda. “Njoo mavuno yakiisha, mjomba,” alisema, “ukute chakula kimo ghalani na miguu ya watu haina kazi.” Nikabadili tiketi, nikafika mwezi wa sita.

Habari za barabara mpya na maghorofa ya Mwanza sitazieleza, kwa kuwa kila anayerudi huzieleza. Jambo lililonirudisha lilikuwa mbina. Wasomaji wasiotoka Usukumani, nchi ya Wasukuma kusini mwa Ziwa Viktoria, huenda hawajui kwamba kile ambacho Kiswahili hukiita kwa neno moja la ngoma, Kisukuma hukigawa: chombo kinachopigwa ni ng'oma, na mchezo wenyewe, pamoja na nyimbo zake na mashindano yake, ndio mbina. Nilipokuwa mbali niliukumbuka mchezo huo kama mtu anavyoikumbuka picha ya ukutani, kila mchezaji akiwa mahali pake, nami nilirudi nikitarajia kuikuta picha hiyo vilevile.

Kwa hiyo siku chache baada ya kufika tulipanda daladala hadi Kisesa, tukapandisha kilima hadi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ndiye aliyeanzisha shughuli za utamaduni mahali hapo katika miaka ya 1950, na nilijiona mjinga kidogo kwa kuwa nilikaa miaka yote hiyo katika nchi aliyotoka pasipo kumuulizia. Kanisa lake limejengwa kwa kufuata nyumba za jadi na alama za utemi, yaani utawala wa jadi wa machifu, na katika makumbusho kuna banda lililopewa umbo la kiti cha mtemi, ambamo zimehifadhiwa ngoma za watemi. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, ngoma za namna hiyo zilibaki bila kazi ya kuutangazia umma habari za ikulu. Nilizitazama kwa muda mrefu, nikapiga picha nyingi. Mjomba alinisubiri nje chini ya mti, akisema kwamba ngoma asiyoisikia hawezi kuitazama zaidi ya dakika tano.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Bulabo, sherehe inayofungamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Bulabo maana yake ni maua, kwa sababu maua ndiyo yanayopamba maandamano ya Ekaristi, na baada ya ibada uwanja huachiwa vikundi vya mbina. Hapo ndipo mjomba aliponikamata mkono, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia hata kidogo: “Wewe sasa unasimama upande gani?”

Swali hilo lina historia. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 palikuwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishania nguvu za dawa zao, na ubishi huo wakaupeleka uwanjani ili watu wenyewe waumalize. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wafuasi wa Gumha ndio Bagalu, na hadi leo vikundi vingi vya mbina vinajihesabu kuwa vya upande mmoja au wa pili. Babu yangu alikuwa Mgalu, na mjomba ni Mgalu kwa namna ambayo watu wengine ni wa Simba au wa Yanga.

Kanuni ya mashindano ni nyepesi, na sijaona popote pengine nilipotembea kanuni inayompa mtazamaji mamlaka makubwa kiasi hicho. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda wanakopenda na kuhama kila wanapochoka. Kikundi kilichovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Dawa ambazo viongozi wa mbina huzitafuta kwa siri na kwa gharama lengo lake ni hilohilo, kuivuta miguu ya watu, na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, naye hutunga nyimbo za kuwasuta wapinzani ili wapenda maneno wasiondoke.

Upande wa Bagalu walikuwa wakicheza bugobogobo, mchezo wa majembe, ambao unatokana na vikundi vya kulima kwa pamoja: mpiga ngoma aliufuata mstari wa wakulima, na mdundo ndio uliopanga jembe lipande lini na lishuke lini. Vijana waliyarusha majembe hewani, wakayadaka, wakayazungusha shingoni, huku ngoma kubwa ikitetemesha vumbi. Nilisimama pale kwa furaha kamili, kwa sababu hii ndiyo picha niliyokuwa nimeibeba Kanada.

Upande wa pili kelele ziliongezeka. Bagika walikuwa wameleta spika mbili kubwa na jenereta, wachezaji wao wamevaa jezi, na kati yao kulikuwa na vikaragosi vya mbao vilivyovutwa kwa kamba, kimojawapo kikiwa kimeshika simu sikioni na kujifanya kinagombana na mtu aliye ng'ambo. Nilichukia. Nilimwambia mjomba, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba huku ni kuharibu mila.

Mjomba alinitazama kama anayetazama samaki aliyeoza. Akasema kwamba babu yangu huyohuyo, ninayemlilia, katika ujana wake alishinda kwa kuingiza uwanjani baiskeli, wakati ambapo wengi walikuwa hawajaikaribia, na kwamba wazee wa siku zile nao walisema anaharibu. Bayeye nao, alisema, ni watu wa dawa za nyoka, lakini chatu wanamwingiza uwanjani kwa sababu hakuna anayeondoka pakiwa na chatu. “Mbina haijawahi kushinda kwa kitu cha jana. Wewe unataka watu wasimame hapa kwa huruma?”

Sikuwa na jibu. Bado naamini kwamba spika zile zilikuwa na sauti kubwa mno, na kwamba manju asiyesikika bila umeme amepunguziwa kitu. Mtu akinibishia kwa hilo tutabishana. Lakini nilipoanza kuwatazama watazamaji badala ya wachezaji, niliwaona mabibi wenye kanga na vijana wa bodaboda wakivuka uwanja kwenda na kurudi, wakisikiliza na kulinganisha, wala hakuna aliyekuwa akihifadhi chochote.

Kisha kile kikaragosi chenye simu kikaimbiwa wimbo. Maneno yake yalihusu mtoto aliyekwenda ughaibuni, ambaye kila akipigiwa husema mtandao unasumbua. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Sikumbuki niliamua saa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta katikati ya uwanja nikivuka, na nilipogeuka nilimwona mjomba amesimama peke yake kando ya majembe, mikono kiunoni.

Alikaa kimya ndani ya daladala hadi Kayenze. Jioni mkewe alipoleta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na maziwa, nami nikanyoosha mkono, alikisogeza chungu upande wake, akamwambia mkewe, “Huyu mtu wa Bagika mpe mwishoni, na akiomba zaidi mwambie mtandao unasumbua.”