Tulilala kwenye uwanja wa dagaa

Wazo lilikuwa la Baba Neema, na hili nalisema mapema ili lawama zimfikie mwenyewe. Aliona pale Tabora, karibu na stendi, gari la wazungu wawili lenye kitanda ndani, jiko, hadi sinki la kuoshea vyombo. Wiki nzima hakuwa na mazungumzo mengine. Mara nikamkuta anang'oa siti za nyuma za Noah yetu, ile anayosombea asali kutoka Sikonge. Akaweka mbao, juu yake godoro la inchi sita. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mapazia yaliniangukia. Nikashona ya kitenge, madirisha yote. Watoto tukawaacha kwa bibi yao Isevya. Miaka kumi na moja ya ndoa, na hatukuwahi kusafiri wawili peke yetu pasipo msiba au harusi ya mtu.

Mpango ulikuwa kushuka Kigoma, halafu kulifuata Ziwa Tanganyika ufukwe kwa ufukwe. Jioni tunaegesha penye mchanga, tunalala, asubuhi tunaoga ziwani, tunaota jua kama watu wasio na madeni. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba 2024.

Njia yenyewe sina la kusimulia. Urambo, Kaliua, Malagarasi. Kipande cha kuelekea Uvinza vumbi lilikuwa la kutosha, nikashuka kununua maji kijana akaniamkia "shikamoo bibi". Nina miaka thelathini na sita.

Kigoma tukagundua kwamba mpango ulitengenezwa na mtu aliyetazama ramani tu. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, ukiliona kwenye simu unadhani barabara inatembea nalo bega kwa bega. Haitembei. Kaskazini, tulipofika Kibirizi gari letu likamaliza safari. Anayekwenda Gombe kuwaona sokwe anapanda boti. Kusini unarudi kwanza bara hadi Simbo ndipo ushuke tena Ilagala. Vilima vinaingia majini mguu mzima. Ule ufukwe kwa ufukwe wetu ukawa ingia toka, ingia toka, na mafuta ya kule si ya kuchezea.

Usiku wa kwanza tulilala kwenye maegesho ya hoteli moja yenye ufukwe. Mhudumu akatutoza elfu ishirini na tano. Kulala kwenye gari letu, godoro letu, shuka zetu! Nikamuuliza hiyo hela ni ya nini, akasema ni ya mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa jenereta. Tulifunga vioo kwa kuogopa mbu tukaiva kama viazi vitamu, tukafungua tukaliwa. Siku ya pili siikumbuki vizuri, nadhani niliimaliza nikiwa nimenuna.

Ujiji tuliingia pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta tarehe 10 Novemba 1871. Kuna sanamu zao wawili wanasalimiana, kuna na miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wa siku hiyo. Baba Neema akanong'ona, "Yaani nimetoka Tabora nikalipa kiingilio nione mwembe?" Nikacheka, ila nikamkumbusha kwamba baada ya pale hao wazee walifunga safari hadi kwetu, Kwihara, wakaagana huko Machi 1872. Sehemu kubwa ya safari yao walitembea kwa miguu, na sisi tulikuwa tunalalamika ndani ya gari.

Siku ya tatu tukatoka mjini tumeapa kwamba leo hatumlipi mtu. Kusini ya Ujiji kuna kijiji kimoja, jina nalibana kwa sababu tumeahidiwa chai tukirudi. Tulifika saa mbili usiku, giza totoro, mwezi hakuna. Taa za gari zikamulika mchanga mpana, safi, hauna hata kijiti, umepigwa mistari ya reki kama kichwa cha mtoto aliyechanwa sasa hivi.

"Unaona?" Baba Neema akasema. "Hapa hata wageni hawapajui."

Mchanga ule umechanwa na nani, hakuna aliyejiuliza. Tukazima gari, tukachemsha chai kwenye jiko la gesi, tukakaa mlangoni miguu nje. Mbele yetu, katikati ya ziwa, mji mzima umewaka taa. Nikamwambia mume wangu kumbe Kongo wana umeme mzuri hivi. Tukautazama mji huo mpaka nikaona taa moja inahama mtaa. Halafu ya pili. Vilikuwa vipe, mitumbwi iliyounganishwa miwiliwili yenye wavu katikati, wanawavutia dagaa kwa taa. Sijapata kuona giza zuri kama lile. Kwa usiku mmoja nikamsamehe Baba Neema kila kitu.

Alfajiri, kama saa kumi na moja na nusu, mtu akapiga boneti kwa kiganja. Hapakuwa na hodi.

"Enyi wenye gari! Mmelala juu ya mkeka wangu!"

Nikasogeza pazia. Mama mmoja, umri wa mama yangu, beseni kichwani, maji yanamtiririka shingoni. Nyuma yake wanawake saba au wanane, kila mmoja na beseni lake. Baba Neema akatoka na kaptura akasema shikamoo mama. "Marahaba. Toa gari."

Gari halikutoka. Kila akikanyaga mafuta tairi linajichimbia, mchanga unaruka hadi kwenye mabeseni, na wale wanawake wanasema "eee!" kwa pamoja. Ile mistari ya reki ikawa mahandaki mawili. Nikatamani nipotelee chini ya godoro.

Mama akatua beseni akaketi juu ya tairi letu la akiba, akatueleza bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Miezi mitatu mwalo mzima, yaani hapa wavuvi wanaposhushia samaki, umekaa, watu wanakula mihogo. Lilipofunguliwa, mbalamwezi ikaingia, na mwezi ukiwaka taa hazimvuti dagaa. Kwa hiyo giza hili ndilo la kwanza la kueleweka. Halafu maji nayo yamepanda miaka hii. Akanionyesha ukuta umesimama ziwani, mawimbi yanauramba, akasema huo ulikuwa ukuta wa choo. Ufukwe umebaki kipande, na kipande chenyewe kinakodishwa. Tulichokiona sisi kama mchanga wa bure alikuwa amekilipia, akakichana jana jioni kwa mikono yake.

"Elfu thelathini," akamalizia.

"Mama, hotelini ishirini na tano!" Baba Neema akaropoka.

Wale wanawake wakaangua kicheko, na hapo ndipo hali ilipolainika. Mama akatuangalia mmoja mmoja, akaniuliza mimi, "Mwanangu, una mikono?" Binti yake amejifungua wiki ile, hana msaidizi, na dagaa hawasubiri. Tufanye kazi mpaka wakauke, kisha vijana watalisukuma gari. Hela tutaangalia.

Basi likizo yangu ya ufukweni ikawa hiyo. Kwanza kufukia mahandaki na kuchana upya. Kisha kutandaza nyavu chakavu, kwa sababu dagaa wa mchanga mnunuzi anamtafuna mmoja tu anakupunguzia bei. Nikachota kiganja cha kwanza nikamwaga. Mama akapiga kofi la ulimi. "Rusha, usimwage." Akanionyesha: unachota kidogo, mkono unakaa chini karibu na goti, unazungusha kifundo kama anayetawanyia kuku mtama, na dagaa wanatua mmoja mmoja, hakuna aliyempanda mwenzake. Wakibebana, wa chini anaoza. Mara ya kwanza nilirusha wakamwangukia Baba Neema shingoni. Mara ya ishirini hivi mkono ukaelewa. Nimeshona miaka kumi na tano na najua raha ya kitu kukubali mkononi, ila sikutegemea kuipata kwa dagaa.

Hadi saa tatu jua limeshika. Lile jua tulilolifuata! Linakupiga juu, maji yanakurudishia usoni, mchanga unakuchoma nyayo. Baba Neema akapewa fimbo afukuze kunguru pamoja na mtoto wa miaka mitano, na mtoto ndiye aliyekuwa msimamizi. Saa tano tukageuza. Saa nane wakabadilika rangi, fedha ikawa nyeupe yenye vumbi, na ukimkunja mmoja anakatika kwa sauti ndogo. Mama akakata mmoja karibu na sikio langu nisikie. "Akisema hivyo, ameiva."

Jioni vijana sita wakalinyanyua gari kama kikapu, wakadai elfu kumi na tano, tukawapa kumi. Zamu ya Mama ikafika. Baba Neema akafungua dumu la asali lililokuwa chini ya kitanda, maana mume wangu hasafiri bila mzigo wa kuuza hata akienda mapumzikoni, akammiminia lita mbili. Mama akachovya kidole, akafumba macho, akauliza kama ni ya Tabora kweli au tumeikuta njiani. Faini ikafutwa. Akatupimia na sado ya dagaa, wa kwenye nyavu, akasisitiza niwaangalie vizuri. Tabora sado kama ile sijui ningeitoa wapi kwa bei ya asali.

Usiku huo tukalala palepale, safari hii mahali alipotuonyesha, nyuma ya nyumba yake, karibu na zizi la mbuzi. Mtoto mchanga alilia mpaka alfajiri. Hatukulipa kitu.

Ilagala hatukufika. Niliwakumbuka watoto ghafla, katikati ya kuosha sufuria. Yule mtoto aliyefukuza kunguru alikuwa na pengo kama la Neema. Nikasema turudi, na Baba Neema hakubisha. Alikuwa ameungua mabega hata shati halivaliki.

Siti za nyuma hazijarudishwa hadi leo. Anasema anasubiri bolti. Wateja wa asali wananusa dumu mara mbili kabla hawajalipa, na kwenye godoro kila nikilipiga unatoka mchanga. Juzi saa mbili usiku nikamkuta uani ameinua shingo anautazama mwezi.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia umebaki siku ngapi kuisha."

Nikaenda kwenye kamba kuyapapasa mapazia. Nimeyafua mara tatu, na bado yananuka Kigoma.